Tulikesha Naye kwa Kamera



Mwaka jana tulimfungia mama kamera kwenye banda la ng'ombe huko nyumbani Rombo. Mtamba alikuwa na mimba yake ya kwanza, kiwele kimeanza kujaa, na sisi watoto wote tuko Dar. Tukachanga. Fundi akaipigilia juu ya mlango, akaweka na kile kidude cha intaneti chenye laini, basi kila mmoja wetu akawa anafungua simu kwenye daladala na kumwona ng'ombe akicheua. Usiku picha inageuka nyeusi na nyeupe, macho ya ng'ombe yanawaka kama taa. Raha tupu, kusema kweli.

Wala hatukuwa wa kwanza. Jumamosi Kuu ya mwaka 2017, twiga aitwaye April alizaa bandani kwenye bustani moja ya wanyama huko Harpursville, New York, na watu zaidi ya milioni moja walikuwa wakimtazama mubashara. Mtoto wake akapewa jina la kwetu kabisa: Tajiri.

Siku ya uchungu, saa saba usiku, niliona mtamba wetu akilala na kuinuka, akilala na kuinuka. Mama akaingia na taa, akaigeuza ndoo akaikalia, akatoa rozari. Alikuwa akikohoa. Nikataka kumpigia, nikasema ngoja kwanza amalize fungu hili. Nilikuja kushtuka kumekucha, simu iko kifuani, chaji imekwisha. Ndama alikwama mabegani, mama akamvuta kwa kamba peke yake.

Sasa, je, nilikesha naye?

Rafiki yangu wa VIWAWA aliniambia nisijilaumu. Akanikumbusha Mtakatifu Klara wa Asizi: usiku wa Noeli, akiwa mgonjwa kitandani, alijaliwa kushiriki kwa mbali ibada iliyokuwa ikiadhimishwa kanisani, na kwa sababu hiyo Papa Pius XII alimfanya msimamizi wa televisheni. Hoja nzito hiyo. Kuona kwa mbali kunaweza kuwa neema. Ila Klara hakuweza kuinuka. Mimi ningeweza kupanda basi siku mbili kabla, maana dalili zote niliziona, tena kwenye kamera hiyohiyo.

Na Mtakatifu Fransisko naye alitaka kuona. Mwaka 1223, huko Greccio, alitamani kuona kwa macho yake shida aliyozaliwa nayo Mtoto wa Bethlehemu, akaomba hori, nyasi kavu, ng'ombe na punda, na watu wakapanda usiku na mienge. Kwa hiyo siwezi kusema hamu ya kutazama ni dhambi. Yeye hamu ilimpeleka mpaka kwenye harufu ya samadi. Mimi ilinibakiza kitandani, nikijiona mtoto mwema.

Lakini kuna jambo linalonisumbua zaidi. Hatukumwambia mama kwamba kamera ile inanasa na sauti. Usiku ule, kabla sijapitiwa na usingizi, nilimsikia akiongea na ng'ombe, akimtajia watoto wake mmoja mmoja, na shida ya kila mmoja. Mimi nilikuwa wa tatu. Yale hayakuwa maneno yangu kuyasikia. Mungu anaona sirini, sawa, lakini yeye mama alikuwa anajua kwamba yupo.

Majilio nikaenda nyumbani. Nikamkuta anakatakata mgomba wa kumlisha ng'ombe, nikamweleza yote. Akanyamaza, panga likaendelea. Baadaye akauliza, "Kwa hiyo na yale ya dada yako uliyasikia?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

Akanikabidhi panga nimalizie, akaenda kuchota maji. Kamera bado ipo, ila aliigeuza mwenyewe, siku hizi tunaona hori na miguu ya ndama tu.