Sigara ya Mfungwa

Yafaa tufikiri neno ambalo watu huru huliona dogo: je, ni haki kumkataza mfungwa kuvuta sigara?

Wengi watajibu upesi kwamba ni haki, kwani tumbako inaua, tena mtu aliyefungwa kwa kosa lake asidai starehe. Lakini jibu hilo linachanganya mambo mawili. Kumkinga mtu na ugonjwa ni jambo moja, kumwadhibu ni jingine. Hakimu alimnyima mfungwa uhuru wake. Hakumhukumu kunyimwa tumbako. Basi katazo likiwa ni adhabu, halikutoka kwa hakimu. Likiwa ni kinga, na lionekane kuwa kinga.

Tuwasikilize wafungwa wenyewe, maana hawasemi kwa sauti moja. Wako wanaosema kwamba chumba chao ndicho nyumba yao. Askari akimaliza kazi huenda kwake, akavuta apendavyo. Wao hawana kwingine. Husema pia kwamba sigara hupunguza hasira na kufupisha siku zisizokwisha.

Wako na wengine. Huko Nevada, Marekani, mfungwa mmoja aliwekwa chumbani pamoja na mtu aliyevuta paketi tano kwa siku. Alishtaki, na mwaka 1993 mahakama ya juu kabisa ya nchi ile ilikubali kwamba mfungwa aweza kudai haki yake juu ya moshi utakaomdhuru baadaye, hata kama hajaugua bado. Mtu huru akichukizwa na moshi hutoka nje. Mfungwa atatoka aende wapi? Basi yule asemaye «nyumba yangu» akumbuke kwamba nyumba ile ni ya wawili.

Kwa sababu hiyo naona kwamba katazo laweza kuwa la haki. Lakini tuangalie namna yake.

Huko Australia, tarehe 30 Juni 2015, siku moja kabla ya katazo kuanza katika magereza ya jimbo la Victoria, wafungwa wa Ravenhall, karibu na Melbourne, walifanya fujo kubwa, wakavunja na kuchoma moto. Hawakufanya vema. Hata hivyo tusisahau kwamba gereza lile ni la mahabusu, yaani watu wanaongoja hukumu. Katika nchi hiyo hiyo wako wafungwa waliopewa vibandiko vya nikotini viwasaidie kuacha, wakavichanganya na majani ya chai, wakavivuta. Dawa ikageuka sigara.

Huko Scotland mambo yalikwenda vingine. Katazo lilitangazwa mwaka 2017, likaanza tarehe 30 Novemba 2018. Wafungwa 7 hivi kati ya 10 walikuwa wavutaji. Waliruhusiwa kutumia sigara za umeme zinazotoa mvuke, na wataalamu waliwauliza maoni yao. Siku ile ilipita kwa amani. Moshi uliopimwa hewani ulipungua kwa asilimia 80 hivi katika juma la kwanza. Wako waliofurahia hewa safi. Wako waliolalamika juu ya bei ya sigara zile mpya. Na wako waliosema kwamba wakifunguliwa watavuta tena.

Neno hilo la mwisho litufundishe. Kunyang'anywa si kuacha. Kufuli laweza kuzuia mkono, lakini haliwezi kuamua mahali pa mtu. Anayeacha tumbako kweli ni yule aliyeelezwa sababu, akapewa msaada na muda, akaulizwa neno lake, kisha akataka mwenyewe.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Sisi tunaochagua kila siku tule nini, tuende wapi, tulale saa ngapi, tusicheke mtu anayelilia sigara moja. Labda ndicho kitu cha mwisho alichokuwa akichagua mwenyewe. Tukikiondoa kwa ajili ya pafu la jirani yake, ni haki. Lakini tumpe kingine cha kuchagua: kazi, kitabu, mchezo, mtu wa kuzungumza naye. Tukiacha mikono yake mitupu, tumemwongezea kifungo.