Majina Yatokayo Mitini

Katika nchi zetu si jambo geni mahali kuitwa kwa jina la mti. Tuna Mbuyuni, Mkuyuni, Mwembeni na Mkwajuni; na hata mti wenyewe ukiisha kukatwa, jina hubaki kuwakumbusha wajukuu kwamba hapo babu zao walipata kivuli. Watu nao, tangu zama za kale, wameitwa kwa majina ya miti. Majina hayo yamo katika vitabu vyetu vya ubatizo, lakini wengi wanaoitwa hivyo hawajui yametoka wapi. Twaona vema leo kueleza machache, maana mzazi anayeijua maana ya jina alilompa mtoto hulijua pia deni alilojitwika.

Tuanze na yaliyo karibu. Silvesta, Silvano na Silvia ni majina ya asili moja: yametoka katika neno la Kilatini silva, maana yake msitu. Mtakatifu Silvesta, ambaye sikukuu yake ni tarehe 31 Desemba, alikuwa Papa tangu mwaka 314 hata mwaka 335, wakati Kanisa lilipoanza kupumua baada ya mateso marefu.

Oliva ni zeituni. Na jirani zetu Waislamu wawaitao binti zao Zaituni wamelichuma jina katika mti ule ule. Ndio mti ambao jani lake njiwa alimletea Nuhu. Katika mlima wa Mizeituni Bwana wetu alisali usiku ule wa uchungu. Na kutoka matunda yake, tangu zamani, Kanisa limepata mafuta ya Krisma tunayopakwa siku ya ubatizo.

Laurenti ni mtu wa Laurentum, mji wa kale karibu na Roma, ambao watu wa zamani walisema uliitwa kwa jina la mti laurus. Majani ya mti huo hayapukutiki, na Warumi waliyasokota kuwa taji la washindi. Shemasi Laurenti aliuawa Roma mwaka 258; na mapokeo yasimulia kwamba alipoamriwa kuitoa mali ya Kanisa, aliwaleta maskini. Katika mti huo huo yametoka majina ya Laura na Laureani. Hili la mwisho twalifahamu sote kwa ajili ya Laurean Rugambwa, ambaye Papa Yohane XXIII alimfanya Kardinali mwaka 1960, Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kupewa cheo hicho.

Tukifungua Maandiko Matakatifu twamkuta Hadasa, yaani mhadasi, kijiti chenye majani ya harufu nzuri. Ndilo jina la Kiebrania la Malkia Esta. Alikuwa yatima, akalelewa na jamaa yake Mordekai kama binti yake mwenyewe. Na yatima huyo akawaokoa watu wake wasiangamizwe.

Wala jina si hirizi. Palikuwa na mtu aitwaye Rimoni, maana yake komamanga, tunda lile zuri ambalo mfano wake ulishonwa katika upindo wa vazi la kuhani mkuu. Lakini wanawe wawili, Rekabu na Baana, walimwua bwana wao Ishboshethi akiwa amelala kitandani mwake. Jina jema la baba halikuizuia mikono ya wana.

Lakini jina tunalotaka kulitazama zaidi ni Tamari, yaani mtende. Mtende husimama wima, huvumilia jua kali, na mizizi yake hutafuta maji mahali ambapo macho hayayaoni. Maandiko yatusimulia habari za wanawake watatu wenye jina hilo.

Wa kwanza alikuwa mkwe wa Yuda. Alifiwa na mume, akafiwa na wa pili. Yuda akamrudisha kwa baba yake kwa ahadi, naye ahadi hiyo hakuitimiza. Tamari akamwendea mkwewe kwa hila, uso umefunikwa. Naye Yuda, aliposikia kwamba ana mimba, akataka achomwe moto, mpaka alipoonyeshwa kwamba mimba ni yake. Ndipo akakiri mbele ya watu kwamba mwanamke huyo alikuwa na haki kuliko yeye.

Wa pili alikuwa binti wa Mfalme Daudi. Amnoni, ndugu yake kwa baba, alijifanya mgonjwa, akaomba Tamari aje kumpikia. Kisha akamtenda jeuri na kumfukuza. Binti akararua vazi lake, akajipaka majivu kichwani, akaenda zake akilia kwa sauti. Absalomu, ndugu yake wa tumbo moja, akamwambia anyamaze, kwa kuwa aliyemtenda ni ndugu yake. Mfalme akasikia, akakasirika sana, lakini hakumfanyia Amnoni neno lo lote. Baada ya miaka miwili Absalomu akamwua Amnoni, na nyumba ya Daudi ikaingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Wa tatu alikuwa binti wa Absalomu. Yule aliyemwambia dada yake anyamaze ndiye aliyempa binti yake mwenyewe jina la Tamari, hata likaitwa tena kila siku nyumbani mwa mfalme.

Wasomaji wapenzi, hapa ndipo tunapotaka tusimame. Je, si kweli kwamba hata leo, katika nyumba za Wakristo, yako maovu yanayowapata watoto kwa mkono wa jamaa, na wakubwa wakaketi wakashauriana si jinsi ya kumponya mtoto, bali jinsi ya kuifunika habari? Husema: ni ndugu yako, nyamaza, tusiaibishe ukoo. Hasira ya Daudi haikumsaidia binti yake hata kidogo. Aibu ni ya mtenda, si ya aliyetendwa. Na mahali pa jinai ni mbele ya sheria, si chini ya mkeka.

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yawaagiza wazazi, wasimamizi na paroko waangalie mtoto asipewe jina lisilopatana na moyo wa Kikristo. Watu hao hao watatu waliolichagua na kulikubali jina ndio wa kwanza kudaiwa wamlinde mwenye jina. Apandaye mche na kuwaachia mbuzi waule asijisifu kwamba amepanda.

Kwa hiyo, enyi akina baba na akina mama, waelezeni watoto maana ya majina yao. Na mtoto ajapo na neno zito moyoni, msikilizeni, wala msimnyamazishe. Mwinjili Mathayo, alipoandika nasaba ya Bwana wetu Yesu Kristo, hakuificha habari ya nyumba ya Yuda: alimtaja Tamari kwa jina lake. Siku ya Jumapili ya Matawi tushikapo matawi ya mitende mikononi, na tuwakumbuke akina Tamari wote walioambiwa wanyamaze, tena tuwaombee na kuwatetea.