Kicheko na Nia

Amri Athumani, aliyejulikana kwa jina la King Majuto, alizaliwa Tanga mwaka 1948 na kufariki katika Hospitali ya Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018, baada ya kuigiza vichekesho kwa miongo mingi. Wako wasemao kwamba mwigizaji, kwa kuwa hutamka asiyoyaamini, ni mwongo mbele ya Mola. Lakini uongo ni kuhadaa. Na mkulima wa Msowero, aketiye jioni mbele ya runinga, jembe lake pembeni, akimcheka mzee yule anapokodoa macho, hahadaiki, bali ajua kuwa ni mchezo, na humo huutambua udhaifu wake mwenyewe. Amali hupimwa kwa nia: amfurahishaye mja aliyechoka, pasi na kumdhulumu yeyote, ametoa sadaka. Tumwombee Majuto rehema.