Kiti Nilichokichagua

Ukiruka kutoka Dar es Salaam kuja Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro, nawe wataka kuuona mlima, keti dirishani upande wa kulia, mbali na bawa. Ukienda Dar, keti kushoto. Siku hizi huhitaji kuwahi foleni. Mjukuu wangu hufungua ramani ya viti kwenye simu, tukiwa barazani hapa Tengeru, chini ya Mlima Meru, tukachagua na kulipa nyongeza.

Safari moja nilikuwa katika kiti cha namna hiyo. Kando yangu aliketi mzee aliyekuwa akirudi nyumbani kutoka hospitali. Binti yake alikuwa safu nane nyuma. Akanijia: "Shikamoo baba. Samahani, naomba tubadilishane, nikae na mzee."

Nikamwitikia, kisha nikamweleza kwamba kiti kile nilikichagua mapema na kukilipia. Nilisema kweli. Akashukuru, akarudi nyuma.

Tulipokaribia, kilele cha Kibo, mita 5,895, kikajitokeza juu ya mawingu. Wakati huohuo mzee yule alikuwa akihangaika na kizibo cha chupa ya maji, mikono ikimtetemeka. Nikamfungulia. Mlima niliuona, lakini sikumbuki ulivyokuwa.

Kwa miaka mingi niliwafundisha walimu wanafunzi chuoni kwamba dawati la mbele si la aliyewahi, bali ni la mtoto asiyeona vizuri ubaoni. Utaniambia dawati halilipiwi. Ni kweli, wala sisemi kwamba binti yule alikuwa na haki ya kiti changu. Hakuwa nayo, ndiyo maana aliomba. Lakini haki hujibu swali moja tu: kiti ni cha nani? Mwenyewe akitumieje, hilo ni swali jingine. Mimi nilijibu la kwanza, nikadhani nimeyamaliza yote mawili.

Wahenga walisema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Asiye na kiti hawezi kumpisha mtu. Mimi nilikuwa nacho.

Bado nachagua kiti cha dirishani, na bado nakilipia, maana naupenda mlima. Ila sasa, kabla ya kufunga mkanda, hutazama kwanza ni nani aliyeketi kando yangu, na ni nani anayemtazama kutoka nyuma.