Wazigua Waliovuka Bahari na Kurudi

Kila mwaka, kuanzia Aprili hivi, upepo wa pwani ya Tanga hugeuka. Kaskazi iliyoleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi hulegea, na kusi huanza kuvuma, ikisukuma kila chenye tanga kuelekea Lamu, Barawa na Mogadishu. Mwenyezi Mungu aliuwekea upepo huu nyakati zake, na mabaharia wakapanga safari zao kwa kuutegemea kwa karne nyingi. Zamani za majahazi, kusi ndiyo njia iliyowachukua watu wa Uzigua kwenda nchi ambayo hawakuomba kwenda. Jinsi walivyofika huko bila kupotea, na jinsi baadhi ya vitukuu wao walivyokuja kurudi Handeni wakizungumza Kizigua, ni jambo la kumfanya mtu amsifu Muumba wake.

Uzigua ni nchi iliyo kati ya Mto Pangani na Mto Wami, kuanzia ukanda wa pwani hadi kwenye nyika ya Handeni na Kilindi. Ardhi yake ni nzuri kwa mahindi na mtama, ila mvua yake haina ahadi. Misimu miwili ikipita kavu, ghala hubaki mavumbi. Katika miaka ya 1830 ukame ulishika sana, watu wakashuka pwani kutafuta chakula. Wazee wa Kizigua, huku na kule Somalia, husimulia kwamba walidanganywa: waliambiwa kuna kazi ya ujira ng'ambo, wafanye kazi, wale, kisha watarudishwa kwao mvua zikinyesha. Wakapanda majahazini, baba, mama na watoto. Waliposhushwa upande wa Barawa, zaidi ya kilomita 800 kutoka Tanga, waliuzwa kama watumwa na kupelekwa kwenye mashamba ya bonde la Mto Shebelle.

Hapo ndipo habari za watumwa wengi huishia. Wayao, Wamakua na Wanyasa walipelekwa Somalia ileile kwa maelfu, lakini walifika mmoja mmoja na kwa miaka mingi, kila mtu akiwa amechomolewa kwao peke yake. Kizazi cha pili au cha tatu kilikuwa kimeshika Kisomali cha Maay, na wengi wakajiunga na koo za Kisomali ili wapate mtu wa kuwatetea. Hakuna wa kuwalaumu. Lugha inahitaji mtu wa kujibu, na mtumwa aliye peke yake shambani hana wa kumjibu. Wazigua walikuwa na mkasa wa namna nyingine: njaa moja iliwaondoa pamoja, katika miaka michache, na familia zao. Msiba uleule uliowatia utumwani ndio uliowaacha na mtu wa kusema naye jioni. Mimi naona mkono wa Mungu hapo, ingawa sithubutu kusema kwamba njaa ile ilikuwa neema.

Hawakukaa. Simulizi zao zinamtaja mwanamke aitwaye Wanakhucha, mganga na mwonaji, ambaye aliwaongoza kutoroka kuelekea kusini, nia yao ikiwa kurudi Uzigua kwa miguu. Walipofika bonde la Mto Juba, wasema wazee, ardhi ilitetemeka, naye akawaambia ile ni ishara kwamba wakae hapo. Wakakaa. Palikuwa na msitu mnene kando ya mto, Wasomali wakiuita Gosha, na ndani yake wakafyeka, wakajenga, wakapanda.

Sasa nataka tusimame kidogo kwenye msitu ule, kwa sababu mlinzi wake mkuu alikuwa mdudu. Mbung'o anapenda kivuli cha vichaka vya mtoni. Si mkubwa sana kuliko nzi wa nyumbani, na akitua hulaza mabawa yake moja juu ya jingine mgongoni kama vipande vya mkasi uliofungwa. Jike lake halitagi mayai mamia kama nzi wengine. Hubeba buu mmoja tu tumboni kwa siku tisa au kumi hivi, humlisha maziwa kutoka tezi zake mwenyewe, kisha humzaa akiwa amekwisha komaa, naye buu huyo hujichimbia udongoni mara moja. Maishani mwake jike huzaa watoto wachache tu. Ni nani angedhani mdudu anayezaa kwa uchache hivyo angeweza kuzuia majeshi? Lakini anabeba vijidudu vya nagana, na ng'ombe anayeingia msituni mwake hukonda, machozi humtoka, hudhoofika mpaka afe. Wafugaji wa Kisomali, ambao mali na nguvu zao zote zilikuwa mifugo, waliliogopa bonde lile. Mkulima mwenye jembe hakuwa na ng'ombe wa kupoteza.

Na Wazigua walimjua mbung'o kabla ya kumkuta Juba. Nyika ya Handeni nayo ilikuwa na mbung'o wake, na wakulima wa huko walikuwa na ujuzi wao wa kufyeka vichaka kuzunguka vijiji ili kumweka mbali. Watoro wale walikuta kwenye ufukwe wa mto wa kigeni adui waliyemzoea, na safari hii akiwa upande wao. Kila mafuriko yalipopungua, mto uliacha madimbwi kwenye mabonde ya pembeni, na unyevu wake ukatosha kuotesha mahindi mvua zisipokuja. Maji hayo hutoka milima ya Ethiopia, mbali sana na macho ya mkulima wa Gosha. Yule aliyepanga mvua ya mlimani imfae mtu asiyeuona mlima ndiye aliyewaficha watu hawa.

Kilichobaki kilifanywa na akina mama. Wazigua huhesabu ukoo wa upande wa mama, wenyewe wakiita kolwa, na hesabu hiyo haikufa Gosha. Mwenye shamba angeweza kumuuza baba na kulifuta jina lake, ila mtoto alijua ametoka tumbo la nani, na tumbo lile lilitoka ukoo gani. Wanawake ndio walioshika ngoma za unyago na mafunzo ya mwali, kwa Kizigua. Mwanamke alipotwanga mahindi huku mwanawe akicheza kando ya kinu, mtoto yule alipokea lugha pamoja na uji. Kwa hiyo mazi (maji) yakabaki mazi, mgosi (mwanamume) akabaki mgosi, na mvyele (mwanamke) akabaki mvyele, mahali ambapo kila jirani alisema neno lingine.

Tutazame na kwingine. Katika milima ya Carpathian, pale Poland, Slovakia na Ukraine zinapopakana, wanaishi Warusini, na tawi lao la magharibi ni Walemko, watu wa kondoo, mashamba madogo na makanisa ya mbao. Mwaka 1947 serikali ya Poland, katika operesheni iliyoitwa Wisła, iliwaondoa vijijini Waukraine na Walemko wapatao 140,000 na kuwatawanya magharibi na kaskazini ya nchi, familia chache kila mahali, kusudi wasipate wa kusema naye na wayeyuke. Serikali ile ilijua vizuri lugha hufa vipi. Nikifor, mchoraji maskini wa Krynica, mwenye ulimi mzito na asiyejua kuandika sawasawa, aliondolewa pamoja na wenzake, naye akarudi kwao kwa miguu. Siku hizi kila Julai Walemko hukusanyika Zdynia kwa sherehe yao ya Watra, wakiwasha moto mkubwa na kuimba kwa lugha yao. Sikuweza kusoma habari za watu hao nisiwafikirie Wazigua wa Juba. Mungu ana vijiji vingi duniani ambavyo wakubwa walidhani wamevifuta.

Dhiki haikuwaacha. Katika miaka ya 1930 Waitaliano waliwakamata wakulima wa Gosha na kuwalazimisha kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi, kipindi ambacho wazee wanakikumbuka kwa jina la kolonya. Kisha mwaka 1991 serikali ya Somalia chini ya Siad Barre ikaanguka. Makundi ya wenye bunduki yalijua chakula kiko kwa wakulima, yakaingia bondeni na kupora ghala baada ya ghala, yakiua na kubaka. Waliookoka wengi walitembea hadi kambi za wakimbizi za Dadaab, Kenya. Wengine walishika njia ambayo babu zao walikuwa wameiota, ya kusini, hadi Tanga.

Walipofika walipewa hifadhi katika kambi ya Mkuyu, wilayani Handeni, na mwaka 2003 wapatao 3,000 wakahamishiwa makazi ya Chogo, wapewe ardhi ya kulima. Wenyeji wa Handeni walijiandaa kupokea Wasomali. Waliokuja walisema Kizigua, cha lafudhi ya kizamani kidogo na chenye maneno ya Kisomali na Kiitaliano humo, lakini kikaeleweka bila mkalimani baada ya zaidi ya miaka 150. Serikali ya Tanzania ilianza kuwapa uraia, na kufikia 2009 zaidi ya watu elfu moja walikuwa wamekwisha kuupata. Nchi yetu ina mambo mengi ya kujivunia, na hili naliweka karibu na juu kabisa.

Waliobaki Kenya walikuwa na safari nyingine. Mwaka 1999 Marekani ilikubali kuwapokea Wabantu wa Somalia wapatao 12,000. Walihamishwa kwa mabasi kutoka Dadaab hadi kambi ya Kakuma mwaka 2002, na mwaka uliofuata ndege zikaanza kuwapeleka. Miongoni mwao walikuwamo Wazigua, na ndiyo maana leo Kizigua kinasikika Boise, katika jimbo la Idaho, kwenye theluji.

Qur'ani, katika Surat ar-Rum, inazitaja tofauti za lugha zetu na rangi zetu kuwa miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu, zikiwekwa pamoja na kuumbwa kwa mbingu na ardhi. Basi ishara haikai juu ya mlima tu. Nyingine iko Chogo, mkoani Tanga, na wanaoikumbuka safari nzima kutoka Juba wamezeeka. Kijana wa Handeni, Korogwe au Tanga mjini mwenye simu yenye kinasa sauti, nakuomba uende ukawasalimie kwa Kizigua, uketi, uwaombe ruhusa, na urekodi majina ya koo, nyimbo na safari kama wanavyozisimulia wenyewe. Nenda mwaka huu.