Chakula Kilicholipiwa Kabla ya Njaa

Leo nazungumza na mzazi anayepanga kuwapeleka watoto Walt Disney World, kule Florida, na anajiuliza kama alipie chakula kabisa kabla ya safari.

Mpango wa Disney wa kulipia chakula mapema ulisitishwa mwaka 2020, ukarudi Januari 2024, na ni wa wageni wanaolala kwenye hoteli za Disney. Uko wa aina zaidi ya moja; ule mdogo humpa kila mtu, kwa kila usiku, milo 2 ya kuchukua kaunta na kitafunwa 1. Mkilala usiku 5, kila mmoja ana milo 10. Isiyoliwa hufutika saa sita usiku, siku ya kuondoka.

Hapo ndipo namwomba mzazi atulie. Wanao hula vipi? Mtoto wa miaka 10 hulipiwa kama mtu mzima, na pengine kwa joto lile la Florida atataka maji na chipsi tu. Wala huwezi kumwacha nje ya mpango: wote wa chumba kimoja, kuanzia miaka 3, huingia pamoja.

Na getini huzuiwi kuingia na chapati zako. Maji ya barafu hutolewa bure kaunta. Familia ya walaji wadogo ningeishauri ilipe mlo kwa mlo. Lakini yuko mzazi ambaye kila mtoto akiomba aiskrimu, moyo humwenda mbio kwa hesabu. Huyo, kama fedha ipo, alipie mapema, akae mezani na wanawe kwa utulivu.