Kosa la Mmoja, Jasho la Kumi

Mchezaji akionyeshwa kadi nyekundu, yeye ndiye wa kwanza kupumzika. Anaingia chumba cha kubadilishia nguo, anaoga, anasikia kelele za uwanja kwa mbali. Wanaolipa ni waliobaki: winga anarudi nyuma kulinda, mshambuliaji anaachwa peke yake, kiungo anakimbia njia za watu wawili mpaka misuli inakaza. Nje ya uwanja hakuna mahakama inayoweza kumfunga mtu kwa wizi wa jirani yake ikaheshimika. Uwanjani tumelizoea jambo hilo kiasi kwamba hatuliulizi tena. Nadhani linastahili kuulizwa: kwa haki gani kumi wanatozwa kosa la mmoja?

Tarehe 9 Julai 2006, mjini Berlin, Zinedine Zidane alikuwa nahodha wa Ufaransa katika fainali ya Kombe la Dunia, mechi ya mwisho ya maisha yake ya soka. Dakika ya 7 alifunga kwa penalti. Dakika ya 19 Marco Materazzi aliisawazishia Italia. Dakika ya 110, baada ya maneno kati yao, Zidane aligeuka akampiga Materazzi kichwa kifuani. Kadi nyekundu. Mechi ikaenda kwenye matuta, Ufaransa ikakosa mpigaji wake wa kutegemewa, mkwaju wa David Trezeguet ukagonga mwamba, na Italia ikashinda 5-3. Hakuna awezaye kuapa kwamba Zidane angebaki kombe lingekwenda Paris. Lakini angalia adhabu iliangukia wapi. FIFA ilimfungia mechi 3 mtu aliyekwisha kustaafu, ikamtoza faranga 7,500 za Uswisi, naye akatangazwa mchezaji bora wa mashindano. Trezeguet, ambaye hakumgusa mtu, ndiye aliyerudi nyumbani na jina la mkosaji.

Utetezi wa kawaida wa sheria hii ni kwamba inaogofya. Mchezaji akijua wenzake watateseka, atajizuia. Utetezi huu haunitoshi, kwa sababu hofu inaweza kujengwa kwa kumtesa yeyote, na bado tusiseme haki imetendeka. Nataka sababu inayoweza kusemwa mbele ya Trezeguet bila kuona haya.

Pwani ya Afrika Mashariki tumeishi kwa karne nyingi na taasisi ya diya, yaani fidia ya damu, na wanazuoni wa fikihi walilitafakari jambo hili kwa kina. Mtu akiua kwa bahati mbaya, diya hulipwa na jamaa zake. Akiua kwa kukusudia na ndugu wa marehemu wakakubali diya badala ya kisasi, mzigo ni wake, unatoka katika mali yake mwenyewe. Bahati mbaya inaweza kumpata yeyote, kwa hiyo ukoo unaibeba pamoja. Kusudio halina ukoo. Soka limechukua nusu ya kwanza ya hekima hiyo na kuiacha ya pili. Beki aliyechoka akachelewa nusu hatua, na nahodha aliyeinamisha kichwa na kulenga kifua, wote wakitolewa wanaacha timu ya watu kumi. Kusudio huonekana baadaye tu, mezani, katika hesabu ya mechi za kufungiwa, wakati kombe limekwisha kupanda ndege.

Hata hivyo utetezi upo. Tarehe 8 Juni 1990, Milan, Cameroon ilicheza na Argentina, mabingwa wa dunia. Dakika ya 61 André Kana-Biyik alitolewa kwa kadi nyekundu. Dakika sita baadaye ndugu yake wa damu, François Omam-Biyik, aliruka juu ya mabeki akafunga kwa kichwa. Karibu na mwisho Benjamin Massing naye akatolewa, wakamaliza tisa, wakashinda 1-0. Goli lile halikuandikwa kwa ajili ya Omam-Biyik peke yake. Liliandikwa kwa Cameroon yote, hata kwa kipa ambaye hakuvuka mstari wa kati, hata kwa Kana-Biyik aliyekuwa ameshatoka. Anayekubali faida ya pamoja hawezi kukataa deni la pamoja. Kumi wanalipa kosa la mmoja kwa haki ile ile inayowafanya washangilie goli la mmoja. Hii naweza kumwambia Trezeguet.

Lakini kuna jambo linalofuata hapo, na linambana mchezaji zaidi ya kadi yoyote. Ikiwa deni langu ni la wenzangu, basi hasira yangu si mali yangu nikiwa uwanjani. Nimeshika amana. Kwa Zidane ni neno gumu, kwa sababu tusi liligusa familia yake, na sitaki kusema kwamba mtu aliyetukaniwa ndugu hana haki ya kuumia. Alikuwa na haki ya kuumia. Alichokosa ni haki ya kutumia dakika kumi za mwisho za fainali ya Ufaransa kulipia maumivu yake, kwa sababu dakika zile hazikuwa zake.

Cameroon wenyewe walikuja kulijua hilo kwa uchungu. Tunapenda kuisimulia ile mechi ya watu tisa, na ni haki yetu kuipenda. Tunasahau kusimulia robo fainali. Tarehe 1 Julai 1990, Naples, waliingia dhidi ya Uingereza wakiwakosa wachezaji wanne waliofungiwa kwa kadi. Si kwa ngumi wala matusi. Ni kwa kadi za njano zilizolimbikizana, ambazo hakuna anayezikumbuka. Hata hivyo waliongoza 2-1, na zilibaki dakika saba hivi Afrika iingie nusu fainali kwa mara ya kwanza. Dakika ya 83 Gary Lineker aliangushwa ndani ya eneo la hatari. Penalti, 2-2. Katika dakika za nyongeza akaangushwa tena, akafunga tena, 3-2. Kombe la Dunia lilisubiri mpaka 2022, pale Morocco ilipokuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali. Ujasiri ule ule uliowabeba Cameroon dhidi ya Argentina ulikuwa na tabia ya kuingia kwa nguvu na kuuliza baadaye, na tabia haitofautishi mechi. Nidhamu ambayo mchezaji anaikusudia kwa siku kubwa tu huwa imeshachelewa, kwa sababu kadi za siku ndogo zimeshaandikwa.

Kuna kisa kingine cha Waafrika ambacho kinanionyesha kwamba ndani ya kadi moja zimo adhabu mbili. Mwaka 1974, huko Gelsenkirchen, Zaire ilikuwa tayari nyuma kwa mabao dhidi ya Yugoslavia wakati refa alipopigwa teke katika mzozo. Aliyempiga ni beki Mwepu Ilunga. Aliyetolewa ni Ndaye Mulamba, mfungaji wa mabao 9 katika Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka huo huo. Kwa timu, kosa la refa halikubadili kitu: Zaire ilistahili kubaki kumi, ikabaki kumi, ikafungwa 9-0. Kwa Ndaye lilibadili kila kitu. Adhabu ya timu inaweza kugawanywa. Adhabu ya jina haigawanyiki, na ikimwangukia asiyehusika, hakuna hoja ya deni la pamoja inayoweza kuihalalisha.

Mpaka hapa kipimo changu kimekuwa amana kwa wenzako. Tarehe 2 Julai 2010, Johannesburg, Luis Suárez alikivunja kipimo hicho. Sekunde za mwisho za dakika 120, Ghana na Uruguay wakiwa 1-1, shuti la Stephen Appiah lilizuiwa na Suárez mstarini kwa mguu, mpira ukarudi kwa Dominic Adiyiah, akaupiga kichwa kuelekea wavuni, na Suárez akaunawa. Kadi nyekundu na penalti. Asamoah Gyan akagonga mwamba. Uruguay ikashinda kwa matuta 4-2. Hapa hapakuwa na hasira ya mtu binafsi. Suárez alijitoa kwa ajili ya wenzake, na wenzake hawakulipa chochote, kwa sababu hapakuwa na muda uliobaki wa kucheza kumi. Kwa amana pekee, alikuwa mwaminifu kupita kiasi. Na bado najua, kama walivyojua watu waliojazana katika vibanda umiza siku ile kutoka Kigoma hadi Mombasa, kwamba Ghana ilidhulumiwa.

Basi amana ina mwenyewe wa pili. Mechi haiwezekani bila mpinzani aliyekubali kucheza kwa masharti yale yale, na anayekubali masharti hukuamini kwa kiasi fulani hata akitaka kukushinda. Nidhamu inadaiwa na watu ishirini na moja wote, si kumi peke yao.

Kinachosikitisha ni kwamba sheria ya penalti ilizaliwa kwa ajili ya mkono kama ule. Februari 1891, katika robo fainali ya Kombe la FA, beki wa Notts County aliupangua mpira kwa mkono kwenye mstari wa goli. Stoke wakapewa faulo pale pale mstarini, kipa akasimama mbele ya mpira, na hakuna kilichopatikana. Juni mwaka huo pendekezo la William McCrum, kipa kutoka Ireland, likawa sheria. Lilikusudiwa kurudisha kilichoibwa. Lakini penalti hufungwa takriban mara tatu katika nne. Anayezuia goli la hakika anarudisha robo tatu yake, na ile robo anabaki nayo. Adhabu ikiwa nafuu kuliko faida ya kosa, inakuwa bei, na mwenye akili ataikubali kila mara dakika ya 120.

Wapo wanaosema Suárez alilipa, kwani alikosa nusu fainali. Ni kweli alikosa, na Uruguay ikafungwa 3-2. Ila aliyefaidika na kukosekana kwake ni Uholanzi. Deni la Ghana lililipwa kwa mtu mwingine. Mwaka 2022, timu hizo zilipokutana tena, Suárez alikataa kuomba radhi akasema penalti haikukoswa na yeye. Ni kweli pia. Gyan ndiye aliyekosa. Ila Gyan hakupaswa kuipiga, kwa sababu bila mkono ule Adiyiah angekuwa ameshafunga.

Kwa mkono ule refa hakukosea. Alifuata sheria neno kwa neno. Sheria ndiyo yenye upungufu, na unarekebishika. Mwaka 2016 IFAB, bodi inayotunga sheria za soka, iliamua kwamba anayenyima nafasi ya wazi ya goli kwa faulo ndani ya eneo la hatari huku akijaribu kweli kuucheza mpira apewe kadi ya njano, si nyekundu, penalti ikitolewa. Kwa hiyo watunga sheria wanajua kutenganisha bahati mbaya na kusudio pale wanapotaka kupunguza. Wanaweza kufanya hivyo hivyo pale inapobidi kuongeza. Raga huhesabu alama kamili timu inaponyimwa kwa hila jaribio lililokuwa karibu kukamilika, na katika mpira wa kikapu alama huandikwa mpira ukizuiwa isivyo halali ukiwa unashuka wavuni. Mkono wa makusudi ukizuia mpira unaovuka mstari, soka nalo liandike goli.